Ngazi za mita 5 kwenye udongo wa mita 1

SWALI: Shamba langu lina mteremko wa asilimia 30. Nimechimba nikakuta mwamba kwenye kina cha mita moja hivi. Nataka matuta ya ngazi yenye upana wa mita 5, nichimbe kwa jembe. Nipime vipi, na nianzie juu au chini?

JIBU: Mwenye kuamua upana hapo si wewe, ni huo mwamba.

Kimo cha kutoka ngazi moja hadi nyingine hupatikana hivi: zidisha 30 (asilimia ya mteremko) kwa upana, kisha gawanya kwa (100 − 30 × 0.75), yaani 77.5. Hiyo 0.75 ni mlalo wa ukuta wa udongo uliojengwa kwa mkono: kila mita moja ya kupanda, ukuta unalala nyuma sentimita 75. Ukiusimamisha wima utabomoka.

Kwa upana wa mita 5 utapata 150 ÷ 77.5, yaani mita 1.94. Nusu ya kimo hicho hukatwa upande wa mlimani na nusu hujazwa upande wa bondeni. Utachimba sentimita 97 na mizizi itagonga mwamba. Kwa mita 3 kimo ni mita 1.16, mkato sentimita 58, na chini yake unabakiwa na udongo kama sentimita 40. Chukua mita 3. Kuta zitameza zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya eneo. Hilo halikwepeki kwa upana wowote.

Kama mvua ni nyingi, inamisha ngazi kidogo kuelekea mlimani, na mfereji wa ndani uteremke polepole, asilimia 1 au pungufu, hadi kwenye njia ya maji iliyooteshwa nyasi. Njia hiyo itangulie. Wengi huijenga mwisho, na mvua ya kwanza huichimba yenyewe, mahali isipotakiwa.

Anzia chini, wakati wa kiangazi. Ukimaliza kusawazisha ngazi ya kwanza, teremsha juu yake udongo wa juu wa ngazi ya pili, uendelee hivyo kupanda. Usipofanya hivyo utaufukia udongo wenye rutuba na kulima ule mfu. Ngazi ya mwisho kabisa itakosa wa kuiteremshia, iongezee samadi.

Kazi ikikuzidi, chimba mitaro ya fanya juu kwenye kontua (mistari ya usawa inayokata mteremko), urushe udongo upande wa juu na kupanda nyasi kwenye tuta. Ngazi zitajijenga polepole, msimu hadi msimu, bila kuufikia mwamba.