Swali: Mbona miche ya chai ya zambarau imetoka kijani?

"Daktari, mimi niko Kangemi lakini shamba liko Limuru. Niliokota mbegu chini ya chai ya zambarau ya jirani nikaotesha, sasa mingi imetoka kijani na mingine rangi haieleweki. Ni udongo ama jirani alinichezea?"

Jirani hana makosa, na udongo uache kwanza. Shida ni mbegu. Chai kwa kawaida haizai vizuri na chavua yake yenyewe, inataka ya mti mwingine, kwa hivyo mama ya miche yako ni zambarau lakini baba ni kijani yoyote ya hapo karibu ambayo nyuki alipitia, na Limuru unajua vile kumejaa chai ya kijani.

Sasa hapa ndio pananifurahisha. Ile zambarau ni antosianini, yaani rangi ambayo mmea wenyewe hutengeneza, na jeni za kuitengeneza ziko hata kwa chai ya kijani, tofauti iko kwa swichi. Kuna chai ya Yunnan huko Uchina inaitwa Zijuan, watafiti waliipima wakaona jeni moja inayoamrisha zingine, CsAN1, imewashwa sana kwa majani machanga, na sababu moja ni kwamba alama za kemikali ambazo huwa zinaizima kwa DNA zimepungua. Yaani kiwanda kiko kila mahali, ni meneja tu ameamka. Ukichanganya na baba wa kijani, hiyo mipangilio inachanganyika na kila mche unakuja na yake.

Ndio maana TRFK 306/1, ile zambarau yetu iliyotolewa na watafiti wa Kericho 2011, inapandwa kwa vipandikizi. Kipandikizi ni mama yuleyule, hakuna baba wa kuleta maneno.

Kitu kingine, usiangalie majani ya chini. Hata zambarau halisi jani likikomaa linarudi kijani, we angalia kichipukizi na majani mawili ya juu. Na kama yamekuwa manjano basi hiyo si hadithi ya jeni, mara nyingi ni naitrojeni imepungua.

Hiyo ya kijani usiing'oe, chai ni chai, ila ichume kando usiichanganye na zambarau, halafu kwa nasari uliza waziwazi kama miche ni ya vipandikizi ama ya mbegu. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa ya mbegu nikiapiwa ni kloni, yaani ya vipandikizi, na nilikuwa nimeshasomea hii kazi.