Muulize Fundi wa Redio

SWALI: Shikamoo fundi. Nina leseni ya redio ya ridhaa, natuma FT8 (ujumbe mfupi wa kidijitali ambao kompyuta huugeuza sauti na redio kuurusha) kwenye 7.074 MHz. Mwenzangu wa Mombasa analalamika kuwa ananiona sehemu tatu kwa mpigo kwenye skrini yake. Nipunguze wati? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Wati punguza, Mombasa si mbali hivyo, ila mimi naishuku sauti. Ishara ya FT8 ina upana wa hezi 50 tu. Ikijirudia, aghalabu kompyuta inaisukumia redio sauti kubwa kupita kiasi: unatuma kwenye sauti ya hezi 600, vivuli vyake vinatokea 1200 na 1800, juu ya mazungumzo ya watu. Tuma huku ukiikodolea macho mita ya ALC (kidhibiti cha redio kinachobana sauti ikizidi), ushushe sauti ya kompyuta mpaka mita isicheze kabisa. Kompresa ya maikrofoni izime. Kisha hamia kati ya hezi 1500 na 2000. Hapo hata kivuli kikibaki, kitaangukia hezi 3000 na kuendelea, na kichujio cha redio yako kitakimeza.

Na kabla ya kuita, sikiliza zamu kadhaa za sekunde 15, maana FT8 hutumwa kwa zamu hizo, utafute nafasi tupu. Saa ya kompyuta nayo iwe sahihi, zamu zilingane. Wapo wanaoparamia tu, hao wananikera sana.