Maswali ya Wasomaji: Kampuni Ikikupa Kifaa, Inataka Useme Nini?

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtengenezaji wa vifaa vya kompyuta anaweza kumbana mhakiki kwa kiasi gani, na mhakiki, au mnunuzi anayemtegemea, ajilinde vipi. Tumejibu tano.

SWALI: Nina chaneli ndogo ya uhakiki. Kampuni imeahidi kunitumia kadi ya michoro, kipuri cha kompyuta kinachochora picha za michezo, kabla haijaingia sokoni, ila kwanza nitie saini mkataba wa usiri, tena niwapelekee makala waipitie kabla ya kutoka. Ni kawaida au ni mtego?

JIBU: Umefungiwa mambo mawili katika furushi moja, na hayafanani. Zuio la tarehe, yaani ahadi iliyo ndani ya mkataba wa usiri kwamba hutachapisha kabla ya siku na saa iliyopangwa, ni la kawaida na lina faida. Wahakiki wote wakichapisha saa ileile, hakuna anayepima mbiombio ili awe wa kwanza. Kupitia makala yako kabla haijatoka ni jambo lingine kabisa. Kataa, hata wakikuambia wanatafuta makosa ya tarakimu tu. Kama una shaka na takwimu, waulize wewe: kumbukumbu ni gigabaiti ngapi, kadi inakula wati ngapi, bei ya kuanzia ni ipi. Maandishi na hitimisho vinabaki kwako mpaka vichapishwe.

Ukiusoma mkataba, anza na siku na saa ya zuio, na uhakikishe ni saa za nchi gani. Ukiikosea kwa saa chache utahesabiwa kuwa umevunja mkataba. Kisha tazama usiri unakwisha lini. Wa haki hukwisha bidhaa inapozinduliwa. Halafu tafuta neno lolote linalosema habari utakazopewa zitumike kwa ajili gani. Hapo ndipo mikataba mibaya hujificha. Mwezi Juni 2018 shirika la habari la Heise la Ujerumani lilikataa kusaini mkataba wa Nvidia, kampuni ya kadi za michoro, na likauweka hadharani. Ulidumu miaka 5, na ulitaka habari za siri zitumike kwa manufaa ya Nvidia peke yake. Mwandishi akitia saini kifungu kama hicho, kila sentensi ya ukosoaji aliyoijenga juu ya habari hizo inaweza kuhojiwa.

Majibu yako yawe mafupi na yawe ya maandishi, usiyamalize kwa simu. Kwa mfano: "Nakubali zuio hadi tarehe na saa mliyotaja. Sitatuma makala wala video kabla ya kuchapisha. Nitachagua mwenyewe michezo, mipangilio na bidhaa za kulinganisha. Nitawaambia wasomaji kwamba kadi imetoka kwenu. Kama masharti haya hayawafai, tafadhali msitume kadi." Usiiache sentensi ya mwisho, kwa sababu inawalazimu waamue kabla mzigo haujafika mlangoni kwako, si baada ya wewe kupima na kukuta kasoro.

SWALI: Sijawahi kusikia mhakiki mkubwa aliyepewa bahasha. Sasa hilo shinikizo linalosemwa linapita wapi?

JIBU: Linapita kwenye nafasi na muda. Uhakiki unaotoka saa ya uzinduzi husomwa na watu wengi. Unaotoka wiki moja baadaye huwakuta wengi wameshanunua. Kwa hiyo anayeamua nani apate kifaa mapema ameshika mrija, na akiufunga hahitaji kumlipa mtu senti.

Tukio lililo wazi zaidi ni la Desemba 2020. Nvidia iliwaandikia Hardware Unboxed, chaneli ya Australia, kwamba haitawatumia tena kadi zake za Founders Edition, yaani zinazouzwa kwa jina la Nvidia yenyewe, kwa sababu walikuwa wanaupa uzito mdogo mno uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing), unaoigiza mwanga halisi ndani ya michezo. Barua ilidokeza kuwa mlango ungefunguliwa tena mwelekeo wao wa uhariri ukibadilika. Chaneli iliiweka barua hadharani, wahakiki wenzao wakasimama nao, na katika siku chache kampuni ikaomba radhi na kuufuta uamuzi. Kilichowaokoa ni kwamba amri ilikuwa imeandikwa. Ingesemwa kwa mdomo, lingebaki neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Mei 2025 mbinu ilikuwa ya kimyakimya zaidi. Kadi ya Nvidia iitwayo RTX 5060 ilianza kuuzwa tarehe 19 Mei, wiki ya maonyesho ya kompyuta ya Computex mjini Taipei, wakati wahakiki wengi wako safarini. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, haikutolewa kwa wahakiki kwa jumla kabla ya siku hiyo. Kadi bila draiva ni pambo. Vyombo vichache vilipewa draiva mapema ili viandike makala ya utangulizi, kwa sharti la kufuata michezo iliyochaguliwa, mipangilio iliyochaguliwa na kadi za zamani zilizochaguliwa kuwa kipimo. Mwezi huohuo wahakiki wa chaneli ya Gamers Nexus walisema hadharani kwamba Nvidia iliwabana waweke katika chati zao matokeo ya fremu za kubuniwa, yaani picha ambazo kadi huzikisia badala ya mchezo kuzichora, huku mahojiano na wahandisi wa kampuni yakining'inizwa kama malipo.

Kwa nini kampuni ing'ang'anie fremu za kubuniwa? Katika hali ya mara nne, kati ya fremu nne unazoziona, moja ndiyo iliyochorwa na mchezo wenyewe; tatu zimekisiwa na kadi. Mchezo ukichora fremu 30 kwa sekunde, kioo kitaonyesha 120. Mwendo utaonekana laini, lakini ukisogeza kipanya, mkono utahisi uzito wa zile 30, pengine zaidi kidogo, kwa kuwa kadi hushikilia fremu moja ili ipate kukisia zilizo katikati. Sasa weka 120 hiyo katika chati moja na kadi ya zamani inayochora 40 za kweli. Msomaji ataona mara tatu, na hakuna tarakimu iliyoghushiwa. Fremu za kubuniwa si uovu. Zina kazi yake, hasa pale fremu za kweli zinapokuwa tayari 60 au zaidi. Uovu ni kuzichanganya na za kweli katika mstari mmoja. Zipe chati yake, na pembeni andika ucheleweshaji kwa milisekunde.

Ukipewa mwongozo wa mhakiki wenye orodha ya michezo, usiutupe. Ipime michezo hiyo, kisha pima michezo mingine isiyopungua idadi hiyohiyo uliyoichagua mwenyewe, na uchapishe wastani wa kila kundi kando. Pengo kati ya makundi hayo mawili ni habari kamili, hata usipoongeza neno.

SWALI: Je, sampuli anayopewa mhakiki yaweza kuwa bora kuliko ile ninayoinunua dukani?

JIBU: Ndiyo, na imeshatokea kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kuichagua au kuirekebisha sampuli. Mwaka 2016 tovuti ya uhakiki ya TechPowerUp iligundua kwamba kadi ambazo watengenezaji MSI na Asus waliwatumia wahakiki zilikuwa na programu ya ndani iliyowashwa hali ya kasi ya juu tangu mwanzo, ilhali za dukani zilianza katika hali ya kawaida. Tofauti ya kasi ilikuwa ndogo. Lakini kadi mbili za bei moja zinapopishana kwa asilimia 2, hiyo ndogo ndiyo inayompa mshindi nafasi ya juu katika chati.

Ya pili humuumiza mnunuzi zaidi: kubadilisha vipuri baada ya sifa kuenea. Diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu, ndizo zinazoongoza. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba Crucial P2 imehama kutoka chipu za TLC kwenda za QLC, ambazo ni nafuu na za polepole zaidi, bila kubadili jina. Mwaka huohuo WD Blue SN550 ilibadilishiwa chipu, na kasi yake ya kuandika baada ya kashe (sehemu ya kasi inayopokea data kwanza) kujaa ikashuka kutoka megabaiti 610 hivi kwa sekunde hadi 390. Jina ni lile, kisanduku ni kile, na uhakiki wa zamani unaendelea kuiuza.

Vipimo vifupi havilioni badiliko hili, kwa sababu diski huandika kwanza kwenye kashe yenye kasi, na jaribio la gigabaiti 1 linaishia humohumo. Anza na diski tupu, andika data mfululizo mpaka ijae kwa asilimia 80 au zaidi, na urekodi kasi kila sekunde pamoja na joto. Utaona mstari ulionyooka juu, kisha ukaporomoka: hapo kashe imejaa, na kinachofuata ndiyo kasi halisi ya chipu. Joto linakusaidia usikosee, maana diski iliyopata moto nayo hupunguza kasi. Ikiporomoka huku nyuzi ziko chini, sababu si joto. Piga picha ya chipu na ya kibandiko, na uandike toleo la programu ya ndani, ili miezi sita baadaye uweze kununua nyingine dukani na kulinganisha.

Kwa kadi ya michoro, soma toleo la BIOS yake, yaani programu yake ya ndani, na ulilinganishe na lililo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kisha iendeshe dakika 30 ndani ya kasha lililofungwa, si juu ya meza. Andika kasi ya chipu kwa megahezi, wati, mizunguko ya feni na joto la chumba. Dakika 5 za mwanzo usizihesabu; kadi yoyote hukimbia ikiwa baridi.

SWALI: Kampuni inapotoa vipimo vyake yenyewe kabla ya wahakiki, niviamini?

JIBU: Anza chini ya ukurasa, kwenye maandishi madogo. Oktoba 2018 Intel ililipia vipimo vya kampuni ya Principled Technologies vilivyoipa prosesa yake ya Core i9-9900K ushindi wa hadi asilimia 50 dhidi ya Ryzen 7 2700X ya mshindani wake AMD katika michezo. Wahakiki walikuwa na zuio hadi tarehe 19, kwa hiyo waliokuwa na prosesa mkononi hawakuweza kujibu kwa tarakimu zao. Maelezo ya vipimo yaliposomwa, ilionekana Ryzen imewekwa katika "Game Mode", hali ambayo kwa prosesa hiyo huzima viini 4 kati ya 8. Tena ilipozwa kwa feni inayokuja nayo kisandukuni, na ya Intel ikapewa kipoza kikubwa cha kampuni ya Noctua. Vipimo viliporudiwa bila hali hiyo, pengo lilipungua.

Kwa hiyo tafuta aina na kasi ya kumbukumbu kila upande, kipoza, na toleo la BIOS. Neno "hadi" lina maana ya mchezo mmoja bora kuliko yote. Angalia pia kama mhimili wa chati unaanzia sifuri.

SWALI: Niliandika ukweli, sasa hawajibu barua pepe zangu. Nifanyeje? Na sampuli nilizokwisha pokea nizitangaze?

JIBU: Zitangaze, tena mwanzoni mwa makala au sekunde za mwanzo za video, si katika maelezo ya chini. Taja aliyekupa kifaa, kama utakirudisha, na kama unapata kamisheni kwa viungo vya manunuzi. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho inadai uhusiano huo uwekwe wazi, na kanuni yake iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza kutoa malipo au zawadi kwa sharti kwamba maoni yawe ya kusifu, au ya kuponda.

Kuhusu kukatiwa mrija, kwanza rudia vipimo ulivyolalamikiwa, mara tatu kila kimoja, baada ya kusakinisha draiva upya. Kampuni nayo huwa na haki wakati mwingine, na BIOS ya zamani imewaaibisha wengi. Kama tarakimu hazikusogea, watumie, wape saa 48 za kujibu, na uchapishe jibu lao neno kwa neno. Hifadhi kila barua pepe.

Baada ya hapo nunua dukani. Kadi iliyonunuliwa siku ya kwanza, ikapimwa siku tatu na kuuzwa tena, hukugharimu tofauti ya bei tu, si bei nzima. Unaweza pia kuazima kwa msomaji aliyenunua: andikianeni hali ya kifaa na namba yake ya utambulisho, kipigeni picha kikiwa mkononi mwake, na umrudishie kwa siku mliyokubaliana. Hakiki yako itachelewa wiki moja, lakini itakuwa ya kifaa kilekile ambacho msomaji atakikuta rafuni.