Pesa ya wazee ni haki ama huruma?

Swali: Mamangu ako na miaka 72, anauza sukuma hapa Kawangware na hajawahi changia NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Akiomba ile pesa ya wazee ni haki yake ama anahurumiwa tu?

Jibu: Ni haki yake kabisa, dadangu. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, kila mtu, si aliyeajiriwa pekee, na serikali lazima isaidie wale hawawezi kujikimu. Kifungu cha 21 kinairuhusu ifanye hivyo hatua kwa hatua, lakini wakisema pesa hakuna, kifungu cha 20 kinawataka wao ndio wathibitishe, si mama. Inua Jamii, ndiyo hiyo pesa ya wazee ya serikali, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kuanzia miaka 70, mpeleke kwa chifu aulizie usajili.