Maswali ya Wasomaji: Nimepanda Nyiragongo, je, jangwa litanishinda?

SWALI: Bwana Mhariri, mwezi Julai nitakwenda Marekani kumtembelea dada yangu anayeishi Las Vegas. Ameniambia kuwa kaskazini mwa mji huo kuna hifadhi ya wanyamapori ya jangwani ambako watu hutembea kwa miguu, na kwamba kilele chake kirefu kuliko vyote kina mita 3,000 hivi. Mimi nilipanda volkano yetu ya Nyiragongo mwaka 2019 na kufika ukingoni, mita 3,470, bila shida. Je, kuna jambo la kuogopa? Na walinzi wa kunisindikiza hupatikana wapi? (Msomaji wa Himbi, Goma)

JIBU: Ndugu yetu, tuanze na walinzi, kwa kuwa hapo ndipo safari yako inapoweza kuharibika. Hakuna. Ulipopanda Nyiragongo uliandikishwa Kibati, ukawekwa katika kundi, mlinzi mwenye bunduki akatangulia, na kama ungechelewa kushuka mtu angekuulizia. Katika hifadhi aliyokutajia dada yako, Desert National Wildlife Refuge, iliyotengwa mwaka 1936 kwa ajili ya kondoo wa mwituni wenye pembe nene zilizojikunja, eneo ni hekta 650,000 hivi na hakuna anayekuhesabu ukiingia wala ukitoka. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo simu haishiki mtandao. Kwa hiyo mwachie mtu anayebaki mjini karatasi yenye jina la njia mtakayoipita, saa ya kurudi, na saa ambayo akiona kimya apige 911, namba ya dharura ya huko.

Jambo la pili ni huo mwezi wa Julai. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwa umetudekeza. Katika nyanda za chini za jangwa la Mojave, ambamo hifadhi hiyo imo, joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla halijalowesha shati, hata mtu akadhani hapotezi maji. Kadirio la chini ni litri 4 kwa mtu mmoja kwa siku, yaani bidoni moja ya litri 20, kama zile zinazoshushwa kwenye chukudu, baiskeli zetu za mbao, kila asubuhi, ni maji ya mtu mmoja kwa siku tano tu. Beba pia chakula chenye chumvi, maana maji matupu peke yake hayarudishi kile kilichotoka na jasho. Nusu ya maji ikiisha, geuka, hata kama kilele unakiona. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka huku ngozi yake inawaka, huo si uchovu: mtie kivulini, mmwagie maji, mpepee, na msaada utafutwe bila kungoja.

Kwa maoni yetu, kilele hicho, Hayford, kiache hadi safari nyingine, kati ya Oktoba na Aprili, ukikumbuka kuwa katikati ya majira hayo theluji huanguka huko juu. Julai inatosha kutembea alfajiri kwenye vijia vifupi vya Corn Creek, penye kituo cha wageni, chemchemi na miti, na ambako ndege ni wengi. Kupita hapo, barabara ni ya changarawe na mawe makali, inayohitaji gari lililoinuka na tairi la akiba, ikiwezekana mawili. Barabara za namna hiyo hazitakushtua. Tofauti ni kwamba kwetu tairi likipasuka, kabla hujafungua mlango vijana watatu wamekwisha kufika na jeki.

Wewe uliyekua Goma umefundishwa tangu utoto kutolala bondeni kwa sababu ya mazuku, hewa nzito inayojikusanya mashimoni na kuua mbuzi kimyakimya. Huko nako usipige hema wala kuegesha gari katika korongo kavu. Mvua za ghafla za Julai hadi Septemba zinaweza kunyesha mlimani, mbali na hapo ulipo, na maji yakakufikia chini ya anga jeupe.

Mwisho, upande wa magharibi wa hifadhi umeingia katika uwanja wa mazoezi wa jeshi la anga, uliotumika tangu 1940, nao umefungwa kwa wageni. Vibao vya onyo viheshimiwe. Mtu wa Goma hahitaji kuambiwa asiokote chuma asichokijua.

SWALI: Mtoto wangu anasoma upande huo wa Marekani na anapenda kutembea jangwani. Akiumwa na nyoka afanyeje? (Mama wa Bukavu)

JIBU: Mama, nyoka wa kuogopwa huko ni yule mwenye njuga mkiani, ambaye mara nyingi huonya kwanza, ingawa si kila mara. Mtoto asitie mkono wala mguu pale asipopaona. Akiumwa, asichanje, asifunge kamba, asinyonye, na jiwe jeusi tulilolizoea huku aliache, kwa kuwa halitoi sumu. Avue pete na saa kabla mkono haujavimba, atulie, apelekwe hospitali kwenye dawa ya sindano ya kupinga sumu. Na akilala nje, asubuhi akung'ute viatu kabla ya kuvivaa; humo hulala nge.