Muulize Fundi: Je, droni zimeimaliza helikopta ya vita?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana mpenzi wa ndege za kivita. Siku hizi kila video ya vita ninayoiona ni droni tu, na rafiki yangu anasema helikopta sasa ni chuma chakavu, kidroni cha bei ndogo kinaiteketeza. Wewe uliyezitengeneza miaka mingi unasemaje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Rafiki yako amesema kweli nusu, na nusu hiyo nampa mapema asije akanuna. Kazi ya kwenda kumchungulia adui imeshaitoka helikopta. Februari 2024 jeshi la nchi kavu la Marekani lilifuta mradi wake wa helikopta mpya ya upelelezi na mashambulizi, mabilioni ya dola yakiwa yameshatumika, na likasema wazi kwamba vita vya Ukraine vimelifunza. Hata mimi ningeufuta. Ya nini kuwatuma watu wawili wakachungulie nyuma ya kilima ilhali kamera inaweza kuruka peke yake?

Ila kutunguliwa hakukuanza na droni. Machi 24, 2003, helikopta za kushambulia aina ya Apache zipatazo 30 za Marekani ziliondoka usiku kwenda kuvishambulia vikosi vya Iraq karibu na Karbala. Huko chini watu walikuwa wanazisubiri, wengi wao na bunduki za kawaida tu. Karibu zote zilirudi na matundu ya risasi. Moja ilibaki huko huko, marubani wake wawili wakatekwa. Na hiyo ndiyo helikopta iliyoundwa makusudi kuvumilia kupigwa!

Ninyi vijana mkiiona helikopta mnatazama makombora yaliyoning'inia ubavuni. Mimi natazama mlango: nani anaingia, nani anatoka, mzigo gani umebebwa. Aprili 1944, kule Burma, rubani Mmarekani Carter Harman alitumwa na kihelikopta cha Sikorsky R-4 kuwaokoa watu wanne nyuma ya safu za Wajapani: rubani mwenzake na askari watatu wa Uingereza waliokuwa majeruhi. Joto lilikuwa kali, na hewa ya joto ni nyepesi, mapanga yanayozunguka juu ya helikopta hayapati cha kushika. Ikabidi achukue mtu mmoja mmoja. Injini ikachemka, akalala huko huko, kesho yake akamalizia. Chombo hicho hakikufyatua risasi hata moja, lakini niambie ndege gani nyingine ya wakati ule ingeifanya kazi hiyo.

Njoo 1982, vita vya Uingereza na Argentina vya visiwa vya Falkland. Waingereza walikuwa wameleta Chinook, helikopta kubwa za kubeba mizigo na askari, kwa meli ya Atlantic Conveyor. Mei 25 kombora la Argentina likaipiga meli, Chinook tatu zikateketea humo. Ilisalimika moja tu, kwa sababu wakati ule ilikuwa angani. Basi askari wengi wakavuka kisiwa kwa miguu, mizigo mgongoni, kwenye tope na baridi. Hiyo moja iliyobaki ikafanyishwa kazi kupita kiasi: safari moja iliwahi kubeba askari 81 na silaha zao, wamesimama wamebanana. Mimi kama fundi nasisimka mwili kuifikiria gia inayozungusha mapanga siku ile.

Na huko Ukraine kwenyewe, mwaka 2022, wapiganaji wa Ukraine walipozingirwa na Warusi ndani ya kiwanda cha Azovstal, mjini Mariupol, ni helikopta za uchukuzi za Mi-8 zilizopenya usiku zikigusagusa mawimbi, zikashusha risasi na dawa, zikaondoka na majeruhi. Baadhi zilitunguliwa. Marubani waliendelea kwenda. Droni ya kumbeba majeruhi mahututi na tabibu wake, huku dripu inaning'inia, bado sijaiona vitani.

Hata zile za kushambulia hazijafa, zimejifunza kukaa mbali. Mwaka 2023 Ka-52 za Urusi ziliyasumbua sana magari ya kivita ya Ukraine kwa makombora ya masafa ya kilomita kadhaa, bila kuyasogelea.

Adui ambaye video hazimwonyeshi vizuri ni vumbi. Pitisha kidole kwenye makali ya mbele ya panga la helikopta iliyotoka jangwani: utadhani limepigwa msasa. Mchanga unakula ule ukanda wa chuma unaolinda ukingo, unaingia kwenye injini, na wakati wa kutua unamfumba rubani macho kabisa. Aprili 1980 Marekani ilituma helikopta 8 kwenda kuwaokoa mateka Iran. Moja iliachwa njiani kwa onyo la ufa kwenye panga, moja ikarudishwa na dhoruba ya vumbi, ya tatu ikaharibika pampu ya haidroliki. Zikabaki 5, na mpango ulihitaji 6. Wakati wa kuondoka, katika wingu la vumbi, moja ikaigonga ndege ya mizigo, watu 8 wakafa. Adui hakufyatua hata risasi.

SWALI: Fundi, injini ikipigwa risasi ikazimika, helikopta si inaanguka kama jiwe?

JIBU: Hapana, mradi rubani asichelewe. Papo hapo anashusha wenzo wa mkono wa kushoto ili mapanga yalale. Helikopta inashuka, upepo unaotoka chini unaendelea kuyazungusha, na karibu na ardhi anauvuta wenzo juu ili nguvu hiyo ya mzunguko ipunguze kishindo. Lakini anahitaji kimo au mwendo, angalau kimojawapo. Anayeelea mita 30 juu ya ardhi, amesimama tuli akishusha askari kwa kamba, hana chochote kati ya hivyo, na mpiga risasi mzoefu husubiri dakika hiyo hiyo.