Usiuze bangili ya mama

Dada yangu wa Mikindani, umeuliza kama uuze bangili ya mama anunuliwe "maji ya dhahabu" yaonyeshe uvimbe wa titi lake. Usiuze, nakusihi. Ulichosikia kina chanzo: mwaka 2005 huko Marekani, mkemia Mostafa El-Sayed na mwanawe Ivan, daktari, walipaka chembe za dhahabu kingamwili (protini zinazoshika shabaha maalumu), zikanasa kwenye seli za saratani, zikang'aa chini ya hadubini. Chembe zenyewe ndogo kuliko unene wa unywele mara elfu na zaidi. Zikiwa kwenye maji huonekana nyekundu kama juisi ya rozela. Lakini zilikuwa seli za maabara, hakuna aliyekunywa kitu. Mpeleke mama hospitali ya Ligula wiki hii, apigwe ultrasaundi, wachukue kinyama wakipime. Bangili itunze, akipewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, mtahitaji nauli.